Vyombo vya Moto Vitoke Koridoni

Mabishano yamehamia vijiweni. Dereva wa bodaboda ya petroli anamwambia mwenzake mwenye pikipiki ya umeme kwamba amekalia bomu. Mwenzake anamjibu kwamba bomu ni lile tangi alilolibana kwa magoti. Kwenye hoteli za Pwani, kuanzia Diani hadi Zanzibar, mameneja nao wanaulizana kama vigari vya gofu vya umeme wanavyobebea wageni na mizigo vinafaa kulala jirani na mapaa ya makuti, au ni heri warudi kwenye vile vya petroli walivyovizoea. Kila upande una video ya moto kwenye simu, na kila upande unaamini video yake imemaliza ubishi.

Ushahidi wa maana haumo kwenye video hizo. Ukiupanga sawasawa utaona kwamba petroli ndiyo yenye hatia kubwa zaidi, betri ina kesi ya kujibu, na mshtakiwa ambaye hakuna anayemtaja ni mahali tunapoegesha na namna tunavyochaji. Huyo ndiye tunayemhukumu leo, pamoja na wanaomkingia kifua: mwenye nyumba, mwingizaji wa bidhaa, meneja wa hoteli na mamlaka inayosubiri maiti ndipo itoe tamko.

Tuanze na petroli, maana tumeizoea hadi tumeacha kuiogopa. Asubuhi ya Jumamosi, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walilikimbilia na madumu. Zaidi ya 100 walikufa kwa moto uliofuata, na baadhi ya walioshuhudia walisimulia kwamba mlipuko ulitokea wakati mtu mmoja akihangaika kung'oa betri ya lori hilo. Miaka kumi kabla yake, Januari 31, 2009, Sachangwan karibu na Molo nchini Kenya ilikuwa imepitia msiba wa namna hiyohiyo, na watu zaidi ya 110 wakapotea. Sange, Kivu Kusini, Julai 2, 2010: zaidi ya 230, baadhi yao wakiwa wamejazana kwenye mabanda ya video kutazama Kombe la Dunia. Sinai, Nairobi, Septemba 12, 2011: petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ilitiririka mitaroni katikati ya makazi ya watu, na takriban 100 hawakutoka hai.

Haya ni maafa makubwa yaliyotangazwa dunia nzima. Petroli inayotuunguza kimyakimya ni ile ya chupa. Inauzwa kando ya barabara kwenye chupa za maji ya kunywa, inahifadhiwa chini ya kaunta ya duka, inamiminwa kwenye tangi la pikipiki huku injini ikiwa bado ya moto na abiria akiwa amekaa palepale. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri; sembuse kwenye joto la Dar es Salaam mwezi Februari. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautoki dirishani. Unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unakwenda kuukuta moto wa jiko chumba cha pili, kisha unarudi ulikotoka ukiwa mwali.

Hesabu moja inatosha kuonyesha ukubwa wa mzigo huu. Lita moja ya petroli imebeba nishati ya takriban uniti 9 za umeme, uniti hizihizi tunazonunua za LUKU. Pikipiki yenye tangi la lita 10 imebeba uniti 90 hivi. Betri ya pikipiki ya umeme kwa kawaida hubeba uniti 2 hadi 4. Anayesema pikipiki ya umeme ndiyo bomu ajibu kwanza kuhusu hizo 90.

Takwimu za nje zinaelekea upande huohuo. Wakala wa serikali ya Uswidi wa majanga na ulinzi wa raia, wakati huo ukiitwa MSB, ulihesabu moto wa magari wa mwaka 2022. Kati ya magari ya umeme yapatayo 611,000, yakiwamo yanayochanganya umeme na mafuta, yaliungua 23. Kati ya magari milioni 4.4 ya petroli na dizeli, yaliungua takriban 3,400. Ukigawanya, gari la mafuta lilikuwa na uwezekano wa kuungua karibu mara 20 zaidi. Na Oktoba 10, 2023, maegesho ya ghorofa kwenye uwanja wa ndege wa Luton, Uingereza, yalipoteketea na magari kama 1,400 ndani yake, mitandao ilikwisha kulihukumu gari la umeme kabla moto haujazimwa. Kikosi cha zimamoto kilisema moto ulianzia kwenye gari la dizeli.

Wauzaji wa vyombo vya umeme wanazipenda sana namba za Uswidi. Wanazisoma nusu. Kwanza, gari la mafuta la Uswidi kwa wastani ni kuukuu kuliko gari la umeme, na gari kuukuu huungua zaidi. Pili, na hapa ndipo tunapowataka wasomaji wetu wasimame, ripoti hiyohiyo ilihesabu matukio 106 ya moto kwenye vyombo vyote vya umeme. Magari yalikuwa 23 tu. Skuta zilikuwa 38 na baiskeli 20. Zaidi ya nusu ya moto ulitoka kwenye vile vyombo vidogo vinavyoingizwa ndani ya nyumba, vinavyochajiwa kwenye soketi ya kawaida na kununuliwa na mtu anayetafuta bei nafuu. Sisi Afrika Mashariki hatukuingia kwenye umeme kupitia magari ya kifahari yenye chaja iliyofungwa ukutani na fundi mwenye leseni. Tumeingia kupitia pikipiki, bajaji na skuta. Namba njema za magari ya Uswidi hazituhusu sana. Zile mbaya za skuta zinatuhusu moja kwa moja.

Betri ya lithiamu ina tabia yake, na anayeimiliki anapaswa kuijua. Petroli husubiri cheche kutoka nje. Betri haisubiri. Seli moja ikipata hitilafu, iwe kwa kuchajiwa kupita kiasi, kwa kugongwa, kwa kuingiwa na maji au kwa kasoro ya kiwandani, joto lake hupanda hadi vilivyomo ndani vinaanza kuvunjika vyenyewe na kutoa joto zaidi. Seli hiyo inaipasha jirani yake, jirani inaipasha ya tatu. Zinatoka gesi: haidrojeni, kaboni monoksidi, na nyingine yenye florini inayounguza mapafu. Kuufunika moto huo kwa blanketi au kuupulizia unga hupunguza mwali kwa muda tu, kwa kuwa joto linazalishwa ndani. Unahitaji maji mengi ya kupooza, kwa muda mrefu, na hata baada ya hapo betri inaweza kuwaka tena saa kadhaa baadaye, au siku ya pili. Betri za nikeli huanza kuharibika mapema zaidi. Zile za chuma na fosfeti, ambazo pikipiki nyingi mpya zinatumia, huvumilia joto kubwa zaidi. Muuzaji anayekwambia kwamba hizo za pili haziwezi kuwaka kabisa anakudanganya.

Agosti 1, 2024, huko Incheon, Korea Kusini, gari la umeme aina ya Mercedes-Benz lilishika moto chini ya majengo ya makazi. Lilikuwa limeegeshwa tu, halichaji. Moto ulichukua takriban saa nane kuuzima, magari zaidi ya 100 yakaharibika, watu zaidi ya 20 wakatibiwa kwa kuvuta moshi, na mamia ya familia zikakaa siku kadhaa bila maji wala umeme. Nchi nzima ikaanza kuyafukuza magari ya umeme kwenye maegesho ya chini. Uchunguzi ukafichua jambo jingine: mfumo wa kumwaga maji kutoka darini ulikuwepo, lakini mfanyakazi aliuzima king'ora kilipolia. Betri iliwasha moto huo. Mkono wa binadamu ndio uliouacha usambae.

Tumefika kwenye korido.

Nyumba ambayo wengi wetu tumekulia au tumepanga inajulikana: vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, mlango mmoja mbele, na uani nyuma ambako mara nyingi kumefungwa kwa kufuli kwa kuogopa wezi. Usiku unapoingia, bodaboda inaingizwa koridoni. Mara nyingine ziko mbili au tatu, zimepangwa mkia kwa kichwa. Ya petroli inavuja tone moja moja kwenye kabureta. Ya umeme imechomekwa kwenye ekstensheni inayopita chini ya zulia la mlangoni, pamoja na feni, redio na simu za wapangaji wanne. Watu wanane, tisa, kumi na wawili wamelala pande zote mbili. Madirisha yana nondo.

Kila mtu anajua kwa nini. Pikipiki ikilala nje, huamki nayo. Ni mtaji wa mtu, mara nyingi una deni juu yake, na tajiri anasubiri hesabu ya kila siku. Hatumdharau dereva anayefanya hivyo. Tunasema tu kwamba amekiweka chombo cha moto kwenye mlango pekee ambao watoto wake wangekimbilia.

Usiku wa Septemba 12, 2023, mjini Hanoi, Vietnam, moto ulizuka kwenye jengo la vyumba vidogo vya kupanga. Ulianzia ghorofa ya chini, ambako wapangaji waliegesha pikipiki zao, na chanzo kilikuwa hitilafu ya umeme kwenye pikipiki mojawapo. Njia ya kutokea ilipita hapohapo kwenye pikipiki. Watu 56 walikufa. Waya mbovu tu wa pikipiki, kwenye mlango wa kutokea, ulitosha.

New York ilipitia hayo kwa betri. Mwaka 2023 jiji hilo lilihesabu matukio 268 ya moto wa betri za lithiamu, hasa za baiskeli na skuta za wabeba vyakula, na watu 18 wakafa. Mwezi Septemba mwaka huohuo ikaanza kutumika sheria ya kupiga marufuku uuzaji wa baiskeli, skuta na betri zisizothibitishwa kwa vipimo vya usalama. Kampeni kubwa ikaendeshwa kuwataka watu wasichaji mlangoni wala wasilale betri ikichaji. Mwaka 2024 matukio hayakupungua, yalifika 277. Vifo vilishuka hadi 6. Idara ya zimamoto ilieleza kwamba sehemu kubwa zaidi ya moto sasa ilitokea nje ya majengo. Betri ziliendelea kuwaka, ila ziliwaka mahali ambapo hapakuwa na mtu amelala. Waziri yeyote anayetafuta sera ya kuiga asihangaike kwenda mbali zaidi ya hapo.

Hoteli zetu hazina udhuru wa umaskini. Zina mameneja, zina bajeti, zina bima. Kigari cha gofu kinaonekana kitu cha mchezo, chombo cha mwendo wa polepole kinachopita kati ya minazi na bwawa la kuogelea, na ndiyo maana hakuna anayekitazama kwa makini. Vingi vya umeme bado vinatumia betri za risasi na asidi, zilizounganishwa sita au nane kupata volti 36 au 48. Betri hizo zinapochajiwa hutoa haidrojeni. Gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, cheche ya swichi ya taa inatosha kuilipua. Na haidrojeni ni nyepesi mno: hupanda juu na kujikusanya chini ya dari. Petroli, tumekwisha kusema, hushuka. Kwa hiyo stoo ya vigari vya betri inahitaji matundu ya hewa juu, na stoo ya vigari vya petroli inahitaji matundu ya chini. Iko hoteli ambako vyote viwili vinalala chumba kimoja cha zege kisicho na tundu lolote, na mlinzi wa usiku amepewa ruhusa ya kuchemshia chai humohumo. Hatuitaji, lakini meneja wake akisoma hapa atajijua.

Ongeza hewa ya bahari. Chumvi inakula vichwa vya betri. Ukungu wa kijani na mweupe unaota kwenye maungio, nati inalegea, mkondo mkubwa wa umeme unalazimika kupita kwenye nafasi finyu, na pale panapashwa moto kila kigari kinapopanda kilima na abiria wanne. Fundi wa kweli huyafungua maungio hayo, huyasafisha, huyapaka grisi na kuyakaza, kisha hukagua maji ya betri. Hoteli nyingi hukumbuka haya kigari kinapogoma, na kwa hesabu ya moto huko ni kuchelewa mno.

Makuti hayahitaji maelezo kwa mtu wa Pwani. Watu wa Malindi, Watamu na Diani wamewahi kuona hoteli nzima zikigeuka majivu kabla gari la zimamoto halijafika, hasa upepo unapokuwa mkali na banda moja linaporushia jingine. Kuchaji kigari cha umeme chini ya paa la makuti ni ujinga. Kujaza petroli kigari chenye injini ya moto chini ya paa hilohilo ni ujinga uleule, na vigari vya petroli vina maradhi yao: mipira ya mafuta inayopasuka kwa jua, bomba la moshi linalogusa nyasi kavu, mafuta yanayomwagwa kutoka kwenye dumu na kuachwa yakauke yenyewe. Meneja anayefikiri kwamba kurudi kwenye petroli kutamwepusha na moto atakuwa amehama kutoka kwenye hatari ndogo kwenda kwenye kubwa.

Lipo pia suala la maji ya chumvi. Kimbunga Ian kilipoisukuma bahari ndani ya miji ya Florida, Marekani, mwaka 2022, magari ya umeme yaliyozama yalianza kuwaka siku kadhaa baada ya maji kuondoka. Chumvi iliyobaki ndani ya betri hupitisha umeme mahali usipotakiwa. Tangu hapo, kila kimbunga kinapokaribia, maofisa wa jimbo hilo huwakumbusha wenye magari ya umeme, skuta na vigari vya gofu wavipeleke mahali pa juu. Sisi hatuna vimbunga vya namna hiyo kila mwaka, lakini tuna bamvua linaloingia hadi kwenye bustani za hoteli, na tuna masika yanayoizamisha Jangwani, Dar es Salaam. Betri ya lithiamu iliyozama isichajiwe tena hata ikionekana nzima. Iondolewe karibu na majengo, ikae wazi, aitwe anayejua.

Mtindo mwingine mpya ni kuzing'oa betri za risasi na kuweka za lithiamu, kwa sababu ni nyepesi na hudumu zaidi. Hilo ni jema. Baya ni kuibakiza chaja ya zamani. Chaja ya betri za risasi imeundwa kuisukuma betri kwa namna ambayo ya lithiamu haistahimili, na kinachobaki kuzuia maafa ni kifaa cha ndani kinachosimamia seli. Kwenye betri ya bei ya kutupa kifaa hicho ni dhaifu, na kwenye betri zilizoungwa mtaani huenda hakipo kabisa.

Fundi wa mtaani anastahili kutendewa haki hapa. Anakusanya seli kutoka kwenye kompyuta mpakato zilizokufa, anazipima kwa mita, anaziunga, anazifunga kwa plastiki na kumuuzia dereva ambaye bei ya betri halisi imemshinda. Ni kazi ya akili. Ni hatari vilevile, kwa kuwa seli kuukuu zenye umri na nguvu tofauti zikichajiwa pamoja, ile dhaifu hupokea zaidi ya inachoweza kubeba. Kumfungia kibanda hakutasaidia, atahamia uani. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, VETA, na vyuo vya Kenya na Uganda viandae kozi fupi ya betri za vyombo vya usafiri, fundi apate cheti na orodha ya asichoruhusiwa kukigusa. Kuunga betri ya pikipiki kwa seli zilizookotwa kuwe kosa, kwa mwenye cheti na asiye nacho.

Lawama kubwa zaidi ziwaendee walio juu yake. Kigali, tangu Januari 2025, haisajili tena pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria. Ethiopia imezuia kuingiza magari ya mafuta tangu 2024. Kenya iliweka bei maalumu ya umeme kwa vyombo hivi, na mamlaka yake ya nishati, EPRA, ilitoa mwongozo wa vituo vya kuchaji na kubadilishia betri mwaka 2023. Vyombo vya umeme havizuiliki, na gazeti hili halitaki vizuiwe. Mapafu yetu na mifuko ya madereva yanavihitaji. Lakini mwongozo bila mkaguzi ni karatasi. Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, yapime betri na chaja kwenye bandari, chaja pamoja na chombo chake, siyo chombo peke yake. Kila betri ibebe alama inayoonekana na namba inayofuatilika hadi kwa aliyeiingiza nchini, na huyo ndiye awe wa kwanza kuitwa polisi nyumba ikiungua. Mwingizaji anayejificha nyuma ya kampuni iliyofungwa mwaka jana afuatwe yeye mwenyewe.

Mfumo wa kubadilishana betri, ambapo dereva anaacha iliyoisha kituoni na kuondoka na iliyojaa, una faida ya usalama ambayo haisemwi vya kutosha. Unaitoa kazi ya kuchaji chumbani na kuipeleka mahali penye uangalizi. Hakuna dereva anayelala jirani na betri inayochaji. Serikali itoze kodi ndogo kwenye vituo hivyo kuliko kwenye chaja za kubeba nyumbani, na ikiweza isitoze kabisa. Ila vituo navyo visiwekwe chini ya ghorofa za makazi wala mlango mmoja na mama lishe, kama tunavyoona vikianza kuwekwa.

Na petroli ya chupa? Marufuku imeimbwa miaka mingi. Wakala wa Nishati Vijijini wa Tanzania, REA, umekuwa ukitoa mikopo ya kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini ili chupa zikose soko. Hiyo ndiyo njia ya kweli na iongezewe fedha. Mjini, ambako sheli ziko kila baada ya kilomita chache, chupa haina kisingizio chochote, na polisi wa usalama barabarani wanaopita mbele ya meza zenye chupa hizo kila asubuhi wanajua hivyo.

Magari na bajaji za gesi asilia tunayaacha kwa siku nyingine, kwa kuwa mitungi ya shinikizo kubwa ina masharti yake. Leo tunasema tu kwamba anayefungiwa mfumo huo na karakana isiyo na kibali amenunua wasiwasi.

Yako maneno tutakayoyasikia, na tunayajibu mapema. Maneno hayo ni kwamba ajali haina kinga. Yanasemwa msibani, na msibani yana kazi yake ya kufariji. Yakisemwa na mkuu wa idara mbele ya kamera ni kukwepa kazi. Moto wa korido una kinga. Kinga yake ni korido tupu, mlango wa uani usiofungwa kwa kufuli usiku, king'ora cha moshi cha bei ya chini kuliko tairi la pikipiki, na chaja iliyokuja na chombo, inayochomekwa mchana, watu wakiwa macho. Ukisikia betri inapasuka au kuona moshi mweupe, usiihangaikie. Amsha watu, toka, funga mlango nyuma yako, piga 114 ukiwa Tanzania. Dakika za kuokoa mali hazipo.

Serikali za mitaa nazo ziache kutazama. Wezi wa pikipiki ndio wanaozisukuma koridoni. Basi kila mtaa utenge eneo la wazi lenye taa na mlinzi, madereva walipe ada ndogo ya usiku, na chama chao kisimamie daftari. Viwanja vya shule, vya ofisi za kata na vya masoko vinakaa vitupu usiku kucha. Hakuna bajeti kubwa hapo. Kinachotakiwa ni mwenyekiti wa mtaa anayeitisha mkutano.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina mamlaka ya kisheria ya kukagua majengo. Liyatumie kwenye hoteli za makuti kabla ya msimu wa wageni, na liingie pia kwenye nyumba za kupanga ambazo halijawahi kuzitembelea. Hoteli itakayokutwa inachaji vigari chini ya makuti ifungwe hadi ijirekebishe, bila faini ya kuzungumzika. Nyumba ya kupanga itakayokutwa na pikipiki koridoni ipewe siku saba. Na pale ambapo mwenye nyumba ameonywa kwa maandishi, akaendelea kukusanya kodi huku chombo cha moto kikilala kwenye mlango pekee wa kutokea, na mpangaji akafa, ashtakiwe kwa kuua bila kukusudia.